Matika Alitaka Kuulizwa

Jumamosi, 3 Shaabani
Uji wa uwele, dawa chungu, kulala. Siku ya sita katika vibanda vya ndui, nje ya Dodoma. Homa inanibeba. Naona duka la baba likielea juu ya vumbi, na vitambaa vyote vinapepea. Kwenye mkeka wa pili yuko Matika, Mgogo wa Msalato, na mwanawe mchanga, Chilewa. Mtoto hana hata kipele.

Jumapili, 4 Shaabani
Daktari Mdachi alikuja na askari. Anataka mtoto achanjwe, kisha atengwe na mama yake. Kiswahili cha Matika ni kidogo, nami Kigogo nilikipata dukani. Nikaambiwa nifasiri. Matika akauliza, "Wanampeleka wapi? Nani atamnyonyesha?" Nilimwogopa askari. Nikamwambia daktari, "Amekubali." Watamchukua keshokutwa. Naona haya.

Jumatatu, 5 Shaabani
Homa kali. Nyumba za tembe zimekuwa mawingu. Ng'ombe weupe wanapita bila kishindo, kila mmoja ananiuliza kwa sauti ya Matika: wapi? nani?
Mchana nimemwambia kweli. Hakunitukana. Aligeukia ukutani. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 6 Shaabani
"Bwana daktari, nilidanganya. Hakukubali. Ana maswali."
Askari akanikemea. Daktari akamnyamazisha. "Aulize."
Matika aliuliza yote. Mtoto ataumwa siku ngapi? Wewe ulichanjwa? Daktari akakunja mkono wa shati, akaonyesha kovu.
"Basi achanjwe, nimshike mwenyewe. Lakini haendi kwa wageni. Aende Haneti kwa dada yangu, ananyonyesha."
Daktari akamtazama mtoto, kisha askari. Niliogopa. Mwisho akasema, "Dada naye achanjwe."
"Nitamwomba. Simlazimishi."
Nikafasiri neno kwa neno, na Chilewa akachanjwa mikononi mwa mama yake.

Ijumaa, 9 Shaabani
Dada amefika. Alisimama ng'ambo ya ua wa miiba, wakazungumza na Matika kwa kupaza sauti. Naye aliuliza yake, kisha akatoa mkono achanjwe. Chilewa ameondoka mgongoni mwake. Matika alitazama njia mpaka ikawa nyeupe tupu.

Jumatano, 14 Shaabani
Habari kutoka Haneti: chanjo imeshika, mtoto ananyonya. Homa yangu imeshuka. Ya Matika bado, ila amekunywa uji.
Muuguzi amekuja kuhamisha mikeka. Akaniuliza mimi, "Huyu nimweke juani au kivulini?"
"Muulize mwenyewe."
Akamuuliza, kwa Kigogo cha kubahatisha. Matika akafikiri kidogo.
"Kivulini," akasema.