Saa Kumi za Angani

Kaka yangu Seif,

Unalikumbuka dungu la baba kule bondeni Mbuchi, tulipokuwa tukipanda juu yake kulinda mpunga? Ndege ikipita juu ulilala chali ukaniambia, "Ile inakwenda Ulaya. Usingizi mmoja tu, imefika." Nilikuamini. Nilikuamini hata nilipokuwa mama wa watoto wanne, na ndiyo maana nakuandikia nikiwa na hasira bado.

Asubuhi ile ya msiba wa baba, kiboko alimkuta shambani akamuuma kiunoni, akamwacha karibu vipande viwili. Tulimbeba kwa shuka. Nikakupigia Uingereza nikilia, nawe ukasema umeshatazama kwenye simu: uwanja wa London hadi wa Dar ni kilomita elfu saba na mia tano hivi. "Msizike, Mwanahawa. Ni saa kumi tu."

Nikapiga hesabu: jioni uko Dar, asubuhi uko nasi. Baada ya adhuhuri baba mdogo akaja na jeneza kumchukua kaka yake. Akasema maiti ya namna ile hailazwi. Nilisimama mlangoni na mchi wa kutwangia. Aliponisogeza, nikampiga. Akainua mkono kujikinga, nikapiga tena, nikausikia mfupa unavunjika, na bado nikainua mara ya tatu. Wanawake ndio walionikamata. Wanaume wakaondoka na jeneza tupu, kwa ajili yako.

Baba akalala ndani. Kulipokucha harufu ilikuwa imefika barazani, na majirani walikaa wameziba pua kwa khanga. Ndipo ukapiga simu kutoka Uarabuni, kwamba ndege ya moja kwa moja haikuwepo, unasubiri nyingine mpaka jioni. Nikauweka mchi chini, wakamzika.

Siku ya tatu ukakwama ng'ambo ya mto wetu, boti imekaa topeni, maji ya bahari yamekupwa. Mtoto wa Mbuchi mzima hukuuliza hata maji yanajaa saa ngapi. Ulipofika neno lako la kwanza likawa, "Mbona hamkunisubiri?" Nilikuzaba kofi mbele ya waombolezaji, mdomo ukatoka damu. Kofi lile silijutii.

Ninaoujutia ni mkono wa baba mdogo. Ulikuwa wa kulia, ukaunga umepinda, haukufika tena kinywani. Kula kwa kushoto alikataa, basi mkewe akawa anamlisha. Hakunishitaki popote. Kila Idi aliniletea sahani yangu ya pilau mwenyewe, ameikumbatia kwa ule mzima.

Juzi amefariki. Alikata roho alfajiri, na adhuhuri tulikuwa tumeshamzika. Simu nilikuwa nayo mkononi, namba yako naijua kwa kichwa, lakini sikukupigia. Nilichelea utasema tukusubiri. Nilichelea zaidi kwamba ningeushika mchi tena.

Nakupenda kiasi hicho, kaka, na inaniuma. Njoo sasa, taratibu, ukiuliza maji kwanza. Wote wawili wameshazikwa.

Ni mimi, mdogo wako wa dunguni.