Maua Yasiyoomba Maji

Mlandizi, Jumatano

Maua yote niliyopanda mbele ya ofisi ya kijiji nimeyatoa makaburini. Sijamwambia mtu, hata mama.

Ningefanyaje? Mwenyekiti alisema, "Binti, umemaliza shule, tupambie ofisi. Yakistawi nitakupendekeza chuo cha kilimo. Ila maji ya mto ni ya kunywa, si ya maua." Nikawaza ni wapi maua huchanua kiangazi kizima bila kumwagiwa hata kata moja. Nilikata vipande tu, na wenyewe niliwasalimia kwanza.

Leo yamechanua. Bi Tatu, yule mjane jirani yetu, akasimama kuyatazama. 

"Shikamoo, bibi," nikasema, ingawa nilishamwamkia asubuhi.

"Marahaba. Haya yananikumbusha marehemu mume wangu."

"Alipenda maua?"

"Thubutu. Alipokuwa hai hakunipa hata moja." Akaenda zake akicheka peke yake.

Sijui kama amejua. Chuo changu kiko mdomoni mwake.

Halafu Mwenyekiti naye akataka vipande, akapande chini ya dirisha la chumbani kwake, mkewe afurahi. Nikamkatia, ningesemaje?

Kama kuna mtu anasoma hapa, tafadhali, mke wa Mwenyekiti asijue.