Nilimwandika Nyanzala kwa Penseli

Shikamoo Mama Getrude, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana mimi mwenyewe nimeshajikasirikia vya kutosha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Sitalike, mzaliwa wa hapa hapa Katavi, mama Mpimbwe, baba Mfipa, nafundisha mwaka wa tisa sasa, na siku zote nilijihesabu mtu wa haki, mtoto akimtukania mwenzake kabila mbele yangu ananitambua.

Tatizo limeanzia kwenye daftari la mahudhurio. Nilipopokea darasa kutoka kwa Mwalimu Rafaeli, ambaye sasa amestaafu, alinikabidhi daftari, peni ya bluu na penseli, akaniambia wenyeji waandike kwa peni, watoto wa wafugaji waandike kwa penseli, kwa sababu wale ni watu wa kuhama, kiangazi kikikaza wanaswaga ng'ombe wao wanaondoka na wewe unabaki na daftari limejaa mistari ya kukata, afisa akija kukagua anakuuliza uchafu gani huu. Nikaona ni busara ya kazi tu. Shule nzima tunafanya hivyo, wala hakuna anayeona ni jambo, ofisini tukitaniana tunawaita "wale wa penseli", na kweli wapo wanaohama, sisemi uongo, lakini wapo ambao hawajahama hata siku moja na bado nimewaacha kwenye penseli.

Mmoja wao ni Nyanzala, yuko darasa la saba. Nimemfundisha toka la tatu, hesabu anazitafuna kama karanga, mtihani wa kumaliza la sita alikuwa wa pili. Mwezi wa pili mwaka huu hakuonekana wiki mbili, nami sikuuliza mtu, nikasema kimoyomoyo hao wameshahama, nikachukua kifutio nikafuta. Kumbe mtoto alikuwa amelazwa hospitali Mpanda mjini, malaria imempanda kichwani. Na Mama, nisikufiche, mwaka jana Recho, binti wa jirani yangu, alikosa wiki tatu na jina lake sikuligusa, tena nilimpelekea sukari. Nyanzala aliporudi nikampa pole, nikamwambia kaa, na jina nikasema nitalirudisha kesho, kesho ikawa keshokutwa, Mwalimu Mkuu Makarius akalichukua lile daftari akatengeneza orodha ya watahiniwa wa mtihani wa taifa, ikapelekwa.

Jumanne iliyopita orodha imebandikwa ukutani, watoto wamejazana kila mmoja anatafuta jina lake kwa kidole. Nyanzala akasoma kutoka juu mpaka chini, akarudia tena, akanifuata mlangoni akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, mimi ndiyo sipo?" Nikamjibu ni makosa ya kompyuta. Mama Getrude, hakuna kompyuta iliyokosea. Tangu siku hiyo hajaja shule.

Alhamisi akaja baba yake, Msukuma mmoja mtu mzima, ana nyumba ya bati kule karibu na mto, mkokoteni wake wa ng'ombe ndio ulisomba mawe ya msingi wa darasa ninalofundishia. Tukaongea naye amesimama mlangoni pa ofisi, kofia mkononi. Makarius akamwambia, mzee, nyie mngekuwa mnatulia sehemu moja haya yasingewakuta, mtoto arudie tu darasa, mwakani tutamweka. Yule baba akasema, "Nitulie wapi tena, mwalimu? Mama yangu nimemzika hapa." Akavaa kofia akaondoka.

Sasa imebaki wiki moja ya kurekebisha orodha, lakini ili jina liingie lazima mimi mwalimu wa darasa niandike maelezo kwa afisa elimu kata kwa nini lilikosekana, na maelezo hayo yataingia kwenye faili langu mwaka huu ambao nasubiri kupanda daraja. Makarius anasema tunyamaze, hao watahama tu. Mume wangu naye anasema nisijitie kitanzi. Na mimi najiuliza, nikijichongea halafu mtoto akaozeshwa kwa ng'ombe kama kawaida yao, nitakuwa nimepata nini? Lakini lile swali lake halinitoki masikioni. Mimi si mbaguzi, Mama, sijawahi kumchukia mtoto yeyote. Nifanye nini? Jina langu naomba ulifiche, huku tunajuana.

Mwalimu, Sitalike

*

MAMA GETRUDE ANAJIBU

Marahaba, mwalimu. Wapo waliokutangulia kuniandikia, wanisamehe, nimekupitisha mbele ya foleni kwa sababu wiki moja ni wiki moja. Kwanza pole, na ni pole ya kweli. Mwalimu mwingine angeibandika hiyo orodha akaenda zake nyumbani kusonga ugali. Wewe limekuuma. Acha likuume.

Sasa tuelewane. Unasema si mbaguzi kwa sababu humchukii mtoto. Nani kakudanganya kwamba lazima uchukie? Mimi nimekaa dirishani kwenye zahanati moja huko vijijini miaka kumi na minne, naandikisha wagonjwa. Sikumchukia mtu. Ila wafugaji walikuwa na benchi lao, lile la nje, tulisema wao wamezoea jua. Siku moja mama mmoja akajifungulia pale pale juani, na mimi niko ndani kivulini napanga kadi kwa upole wangu wote. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Kesho yake tukaliingiza benchi ndani, kazi ya watu wawili, hata dakika tano haikuchukua. Nikaona aibu ambayo mpaka leo ninayo.

Hiyo penseli hukuianzisha wewe, uliikuta. Lakini miaka tisa umeichonga mwenyewe.

Tena barua yako inakusema vibaya kuliko Makarius anavyoweza kukusema. Recho akikosa wiki tatu ni mgonjwa, apelekewe sukari. Nyanzala akikosa mbili kahama, afutwe. Mwalimu Rafaeli umemtaja, Mwalimu Makarius umemtaja, hata binti wa jirani umemtaja. Mwanaume aliyesomba mawe ya darasa lako ni "Msukuma mmoja". Jina lake unalo, mwalimu! Lilikuwa kwenye daftari lako mbele ya jina la binti yake. Ulipofuta la mtoto ulifuta na la baba. Na hilo la kuozeshwa kwa ng'ombe umelitoa wapi? Baba mwenye haraka ya mahari angekuja kusimama mlangoni kwenu na kofia mkononi kuulizia mtihani? Aa, hapo umetafuta tu pa kuegemea.

Kwa hiyo fanya hivi, na uanze leo, usingoje Jumatatu. Andika hayo maelezo kwa mkono wako, yawe mafupi: nilifuta jina la mwanafunzi anayesoma, sikuuliza alipo, nilimrudisha darasani bila kumrudisha kwenye daftari, kosa ni langu. Usiniandikie "makosa yalijitokeza". Hayakujitokeza, uliyafanya. Barua usimpe mtu akupelekee. Panda bodaboda, ipeleke mwenyewe, ingoje igongwe muhuri, ubaki na nakala. Afisa akikuzungusha, nenda na nakala yako mpaka wilayani, usirudi nyumbani na "tutaangalia". Makarius akinuna, mwache anune.

Kuhusu daraja lako sitakudanganya, huenda likachelewa. Ukichelewa utapanda mwakani, na mshahara wako mwezi huu utaingia kama kawaida. Huyo binti mnamwambia apoteze mwaka mzima kwa kosa lisilo lake, tena mnamwambia kana kwamba mnamfanyia hisani. Mumeo mwambie hivyo hivyo, kwa upole, halafu umwombe akusindikize.

Ukishapata muhuri, nenda kwa mzee. Usimwite shuleni, mlangoni pale ameshasimama vya kutosha. Mwite kwa jina. Mwamkie kwa Kisukuma, wangaluka, kama ni asubuhi, hiyo nayo miaka tisa imekushinda? Ukipewa kigoda kaa, ukipewa maziwa kunywa. Halafu mwambie Nyanzala mwenyewe, baba yake akisikia, kwamba haikuwa kompyuta, ilikuwa ni wewe. Hapo ndipo patakapokuwa pagumu kuliko kwa afisa yeyote. Asipokujibu, usimlazimishe akusamehe. Muoneshe nakala yenye muhuri, mwambie kesho unamngoja darasani, uage uondoke. Ndiyo maana nimesema barua itangulie, usiende kwa watu na machozi matupu.

Kisha lile daftari. Wale wote wa penseli waandike upya kwa peni ya bluu, jina la mtoto na la baba. Ofisini wakicheka, wacha wacheke, wewe andika. Atakayehama akihama, mkate kwa mstari. Afisa akikuuliza uchafu gani huu, mwambie hao ni watoto waliosoma hapa.

Uliniomba nilifiche jina lako, nami nimelificha, hata mhariri wangu hajaliona. Uliniomba kwa sababu unajua jina la mtu likikaa pasipofaa linaweza kumharibia maisha. Kumbe unajua. Basi nenda kalirudishe la Nyanzala.