Siku Nisizokuja Kula

Mchafukoge,
Dar es Salaam.
14 Machi 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, na unieleze kama goti lake limekubali ile dawa au bado anasingizia baridi. Huku kwetu miili haijambo. Isidori mwanao anauza vitenge kwa jumla Kariakoo, biashara huria imemnenepesha, na wifi yangu Fortunata hunipikia chakula cha mchana kila siku ya kazi. Nakula dukani kwao kisha narudi benki.

Kazi yangu hukuwahi kuielewa vizuri, nami sikuruhusiwa kuieleza. Serikali za nje huweka fedha zao kwetu benki kuu. Barua yao ya kuruhusu zitolewe ikija, mimi na mwenzangu Agnesi tunalinganisha sahihi zake na zile zilizo kwenye kadi, mkia kwa mkia, na hatutoki hata kula mpaka tumalize. Fedha hizo zikiingia sokoni, waagizaji bidhaa hupata dola, na bei ya dola mitaani hushuka. Ndiyo maana tumekula kiapo cha kutosema. Kazi hii imenifanya nisimwamini hata muuza nyanya.

Mwezi wa kwanza wakubwa waligundua kwamba mara mbili, siku ileile barua ilipofika, kuna mtu Kariakoo aliuza dola zake haraka kabla hazijashuka. Wanaojua ni wachache. Agnesi alikuwa amenunua friji, basi macho yote yakamgeukia, akaambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Alilia mbele yangu akisema friji ni la mkopo wa mumewe. Nilimwitikia, lakini moyoni nikawa napiga hesabu ya bei ya friji.

Baadaye nikamshuku Mzee Natvarlal, jirani wa duka la Isidori. Yeye ana simu, na siku za barua mimi humpigia amwambie Isidori wasiningoje kula. Sijawahi kutamka zaidi ya hapo, ila mtaa mzima ulikuwa ukisema Mhindi hanyimwi habari za fedha, nami nikafuata mkumbo. Nikaamua kumtega. Jumanne moja, hakuna barua iliyokuja, nilipiga simu kwamba siji kula. Kisha nikakatisha Mnazi Mmoja kwa miguu, nikasimama ng'ambo ya duka nikijifanya nachagua khanga.

Natvarlal alitoka, akafikisha ujumbe, akarudi kumpimia mteja wake kitambaa. Aliyeinuka ni ndugu yangu. Alichomoa mfuko chini ya majora ya vitenge, akaenda moja kwa moja kwenye duka la kubadilishia fedha.

Jioni nilimuuliza. Alicheka, Baba. Alisema mimi sijamwambia kitu, kwa hiyo sina kosa. Yeye hutazama tu sahani yangu kama imefunuliwa au la, maana kila nisipokuja kula dola hushuka, na mfanyabiashara asiyetumia macho afunge duka akalime migomba. Kisha akanigombeza kwa sababu siku ile nilimtia hasara. Nilipomtaja Agnesi, alisema kila mtu abebe msalaba wake.

Sasa nitoe lililonikaa kooni. Hayo nimeyajua kwa karibu wiki tatu, na nimenyamaza. Niliogopa kibarua changu, niliogopa Isidori kufungwa, nikaogopa uso wako. Jumapili iliyopita nilikwenda kumpa pole Agnesi, nikambebea kilo mbili za sukari. Alinishukuru kwamba katika ofisi nzima ni mimi peke yangu sijamkimbia. Nikanywa chai yake. Naona haya mpaka sasa, na sijui nitamtazamaje tena.

Kesho saa mbili nitaingia kwa mkuu wangu wa kazi nimweleze yote: simu, sahani, na jina la Isidori. Saa nne Agnesi anaitwa mbele ya kamati, na wakishaamua hawabadilishi. Isidori sijamwambia. Barua hii nitampa kondakta wa basi la Moshi pale Kisutu alfajiri, kwa hiyo utakapoifungua nitakuwa nimekwisha kusema. Nimefanya makusudi, Baba. Ungenikataza, ningekutii.

Nisalimie Shangazi Elieshi na wote wa huko nyumbani kihambani. Uniombee, kama moyo wako utakubali.

Ni mimi binti yako,
Theopista