Tairi Kipara za Mama Kabula

Jumatatu, 3 Machi

Nimejaza upepo tairi zote mbili kabla ya chai. Kama jana, kama juzi. Hazikuwa na shida yoyote, ni mkono wangu tu unawasha. Mtu umefunga tairi za malori ya mgodini mpaka mvi zimekuota, tairi moja refu kuliko mlango wa nyumba yako, huwezi kustaafu ukaacha ghafla.

Baiskeli ni ya gia, zile za kupandia milima. Binti yetu Kabula aliileta kutoka Mwanza nilipostaafu. Milima gani hapa Kalangalala? Naendea kanisani, sokoni na kwenye kahawa, basi. Lakini naipenda.

Leo mwenyekiti wa soko kaja nyumbani. Kasalimia vizuri, kala karanga zetu, ndipo akasema kilichomleta. Meza ya dagaa ya mke wangu iko tupu tangu Januari na watu wanaiomba. Jumamosi hii asipokaa mezani mwenyewe, atapewa mwingine. Simlaumu. Nimemchukia, lakini simlaumu.

Mama Kabula hakujibu. Siku hizi hasemi na watu wa nje. Bodaboda ilimwangusha, nyonga ikaumia, tangu hapo makazi yake ni kibarazani. Daktari kamruhusu kutoka, kukaa, kuuza, ila asitembee mbali. Nyonga si tatizo kubwa. Tatizo ni injini. Akiisikia karibu anatetemeka mwili mzima. Bajaji tulijaribu, hatukufika hata kona, akashuka analia. Mwanamke aliyekuwa anatangulia ziwani Nkome kabla jua halijatoka, anagombania dagaa na wanaume na anawashinda.

Jioni wazo likanijia. Nimbebe mwenyewe. Baiskeli haina injini. Sisi Wasukuma tumebebana kwa baiskeli tangu ujana, iweje leo nisahau? Nikamwambia. Akaniangalia, akachukua kitenge chake, akakaa kwenye keria. Moyo ukanidunda kama wa kijana.

Kwenye vumbi tulikwenda vizuri. Tulipopanda lami tu, akanipiga mgongoni. Simama, akasema. Hiyo sauti.

Nikasikiliza. Kweli. Kashata za tairi, yale meno makubwa, zinanguruma kwenye lami. Vuuu, vuuu. Kama pikipiki inakuja nyuma kwa mbali. Sikuwahi kuisikia. Sikio langu moja lilikwisha mgodini.

Basi ni tairi. Kama ni tairi, wamenipata mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na furaha ambayo sijaipata tangu nistaafu. Kuna tairi la kuchagua.

Kabla ya kwenda dukani nilisimama kando ya lami kusikiliza baiskeli za watu. Kila inayopita nainama, nageuza sikio lile zima. Akina mama wa maziwa, wauza mkaa, wanafunzi. Mmoja kaniuliza kama nimedondosha hela. Nikamwambia apite tu, ananiharibia. Nilichopata: baiskeli kubwa za kawaida, zile nyeusi, hazitoi sauti kabisa. Tairi zake hazina meno. Lakini ni za ringi ishirini na nane, na yangu ni ishirini na sita. Hazikai. Imeniuma kweli.

Nikaenda kwa Haji wa spea. Nikamwambia nataka tairi la lami, lisilo na kashata. Akashusha miwani. Mzee, akasema, watu wananiletea tairi kipara nitupe, wewe unataka kununua? Dukani wote wakacheka. Nikacheka nami, kwa nini nisicheke. Nilikuwa na raha.

Akanitolea aina tatu. La kwanza lina mstari laini katikati na meno pembeni. La pili jembamba, laini kabisa, linang'aa. La tatu laini vilevile lakini nene, limejaa kama andazi. Nimeyapapasa yote. Nimeyanusa. Nimeyabonyeza kwa dole gumba, nimeyakunja, nimeyaviringisha sakafuni na kutega sikio mpaka Haji akaniletea kiti.

La kwanza nimelikataa. Nikikata kona yale meno ya pembeni yatagusa, yatanguruma. Haya mawili yamenishinda kuchagua. Nimerudi mikono mitupu. Chakula hakipandi. Mama Kabula kaniuliza nina homa?

Jumatano, 5 Machi

Nimechukua membamba. Jembamba jepesi, halina mzaha. Lile nene lilinikumbusha watu wazembe.

Nimefunga mwenyewe uani. Fundi wa nini? Nimetoa za zamani, nimepitisha kidole ndani ya mpya kutafuta mwiba au waya, nimeingiza tyubu, nimepaka sabuni, tairi likaingia lenyewe kama mgeni aliyezoea nyumba. Nikajaza upepo mpaka pampu ikagoma. Ukigonga tairi kwa kucha linalia. Hivyo ndivyo tairi linavyotakiwa kuwa.

Nikapanda lami peke yangu.

Kimya. Kimya kabisa. Nilisikia ndege. Nilisikia redio ya kinyozi. Nilimsikia mama mmoja ng'ambo ya barabara anamsengenya wifi yake, kila neno. Nimeteleza mpaka karibu na stendi na kurudi, nacheka peke yangu, mtu mzima na mvi zangu.

Kesho nambeba.

Alhamisi, 6 Machi

Sitaki kuandika ila nitaandika.

Nilikunja blanketi juu ya keria. Mama Kabula alikaa, akanishika shati. Tukapanda lami. Nikamwuliza, unasikia? Akasema hasikii kitu. Akacheka. Kicheko kidogo, lakini cha kwake. Nikaona dunia yote ni yangu.

Halafu tukafika pale lami iliponyofolewa na mvua. Si shimo, ni viraka tu. Tairi zikavipiga kama nyundo. Kila kiraka kilikwenda moja kwa moja kwenye nyonga yake. Hakupiga kelele. Nilijua kwa mkono wake kwenye shati langu. Nikashuka, nikageuka, uso wake umejaa machozi.

Tumerudi nasukuma baiskeli, yeye kaegemea tandiko, anachechemea. Watu wanatuangalia. Nilitamani wanitukane.

Mlangoni akasema, mwambie mwenyekiti ampe mwingine. Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi.

Ni mimi niliyemuumiza.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua asubuhi. Haji alipofungua duka alinikuta mlangoni nimelowa. Amenibadilishia, nikaongeza kidogo, hakuuliza maswali. Nimechukua manene. Haji kasema haraka haraka haina baraka, mzee. Ni kweli, hata angenichapa kwa bakora ningeona haki.

Nimefunga. Yamejaa vizuri kwenye ringi, yamependeza, baiskeli imekuwa na mwili. Furaha ikaanza kurudi taratibu, nikawa naiogopa. Nikachukua pampu. Nikajaza mpaka ikagoma.

Mama Kabula katoka ndani na fimbo yake. Nilidhani anakwenda jikoni. Akaja mpaka kwenye baiskeli, akainama kwa shida, akabonyeza tairi kwa dole gumba. Dole halikuzama. Akabonyeza tena.

"Baba Kabula. Mgodini ulikuwa unabeba nini?"

Mawe, nikamjibu.

"Mimi si mawe."

Nilikaa chini kwenye matope. Hivi hivi, na suruali safi.

Mgodini lori halitoki karakana tairi likiwa na upepo pungufu. Tairi la hivyo linapata moto, linapasuka, linaua mtu. Nimewafokea vijana kwa sababu hiyo mpaka sauti ikakauka. Nimewafundisha wengi. Kwa hiyo sikuwahi kufikiri. Nilibadilisha tairi, nikachagua, nikanusa, nikatega sikio kama mganga, na pampu nikaitumia kama ya lori. Kumbe sehemu kubwa ya shida ilikuwa mkononi mwangu.

Akasema, toa. Akakaa kwenye keria, nami nikachuchumaa pale pale, nikabonyeza valvu ya nyuma. Ssss. Nikaacha. Akajitikisa kidogo. Bado. Nikatoa tena. Nilijisikia mwizi. Bado. Kila sehemu ya mwili inaniambia acha, unaharibu. Bado. Akajitikisa, akajirusha kidogo kama mtoto kitandani. Hapo, akasema.

Nikabonyeza. Dole linazama kidogo. Kwa malori ningemfukuza mtu. Kwa mke wangu, hapo.

Tumezunguka uani mara kadhaa, juu ya kokoto na mizizi. Hakushika nyonga. Hajasema kama kesho atakwenda. Sijauliza. Naogopa, na nina furaha.

Jumamosi, 8 Machi

Kaamka kabla yangu. Nimemkuta amevaa, amefunga kilemba, ndoo ya dagaa iko mlangoni. Dagaa walikuwa wameletwa jana na mwenzake mmoja wa Nkome, wamepanga kwa simu bila kuniambia. Kwa hiyo alikuwa ameshaamua, ananiacha nihangaike tu.

Ndoo nimeining'iniza kwenye usukani. Njia yetu ilikuwa matope kwa ile mvua. Tairi kipara kwenye matope ni balaa, nilijua. Gurudumu la nyuma lilikwenda kushoto, moyo ukaenda kulia. Nikashuka, nikasukuma naye akiwa juu, mpaka lami. Jirani kauliza, bwana harusi, mahari umemaliza? Mama Kabula akamjibu ng'ombe wamebaki. Amejibu! Nimeliandika hili ili nisije nikasahau.

Kwenye lami, kimya. Kwenye viraka tukapita polepole. Nilihisi tairi zinameza. Kila kiraka nilisubiri mkono wake ukaze. Haukukaza.

Karibu na soko bodaboda ikatupita, karibu sana, imepiga honi. Hapo akanishika. Kwa mikono yote miwili, kichwa mgongoni. Nikasikia meno yake yanagongana. Nikauliza, nisimame?

Kichwa hakikutoka mgongoni. Nikaendelea kunyonga pedeli polepole, sijui kama nafanya sawa. Bodaboda ikapotea mbele. Tukasikia tena mnyororo wetu tu, tiki, tiki. Kisha mikono ikalegea, mmoja baada ya mwingine.

Endesha, akasema. Meza itachukuliwa.

Mwenyekiti alikuwa amesimama pale pale karibu na meza, na mwanamke mwingine yuko kando na beseni lake, anasubiri. Mama Kabula akashuka, akamsalimia mwenyekiti, akamsalimia na yule mama, akafuta meza. Akapanga mafungu yake. Yule mama akachukua beseni lake, akaondoka bila ubaya. Mimi nimesimama na baiskeli, machozi karibu, nimezuia njia yote.

"Nenda bwana. Unanizibia wateja."

Jumapili, 9 Machi

Kanisani tumekwenda na baiskeli. Mengine hakuna. Amelala mchana kutwa, amechoka, na mimi nimekaa tu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempeleka asubuhi. Nimerudi, nyumba tupu. Nimefua, nimepika maharage, yameungua. Sikujua kwamba ukikaa peke yako siku ni ndefu hivi. Yeye alikaa hivyo tangu Januari, nami nikienda zangu kwenye kahawa.

Alisema nimfuate saa kumi. Saa tisa nilikuwa nimeshafika. Sikuingia. Nilisimama nje ya uzio wa soko na baiskeli, nikamsikia kabla sijamwona. Anabishana bei na mteja. Anamwambia akatafute dagaa wa bei hiyo kwenye ndoto. Mteja anacheka, yeye hacheki, sauti imepanda juu ya soko zima.

Nikakaa juu ya tandiko, nikamsikiliza mpaka mteja akalipa.