Soksi Iliyokuwa Ndani ya Filta

Jumapili, 6 Aprili 2025

Mboni,

Idi imepita wiki moja, ya kwanza bila wewe. Nimepata daftari la zamani la Hanif, kurasa nyingi bado ni tupu. Nitakuandikia humu. Mtoto wetu akilikuta atacheka, basi acheke.

Leo nimeosha kioo, lile tangi la samaki wako. Filta ilikuwa na tope la miezi miwili. Na ndani ya filta nimekuta nini — soksi yangu ya kijivu! Ile niliyoitafuta mwaka juzi nikakulaumu kwamba umeipoteza, nawe ukacheka tu. Imefungwa fundo, ndani ina vipande vya makombe ya baharini. Nimeitoa, nimeifua, nimeianika. Sijui ulikuwa unafanya nini nayo. Nimecheka peke yangu uani mpaka nikakaa chini. Asante kwa hicho kicheko.

Samaki ni saba. Yule jike wa manjano, kipenzi chako, bado anafuata kidole kwenye kioo.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu juzi. Pipa linafurika. Joyline wa mlango wa pili amekuja kuchota ndoo mbili za wanawe, maana maji ya kisima yameshawapaka meno kahawia kama yangu. Akatazama samaki, akauliza nao wanapewa maji gani. Nikamwambia ya kisima, kama siku zote. Akasema, "Baba Hanif, hawa ni wageni aliokuachia mama, ndio unawapa hayo?"

Nikaona ana haki. Ni maji ya mvua uliyoyataka hospitalini. Nilikuletea kila asubuhi kwa chupa ya soda, yale tuliyoyakinga Novemba. Ulisema ni matamu.

Basi nimetoa nusu ya maji ya kioo, nimejaza ya mvua. Yanang'aa! Nimefurahi kuyatazama.

Alhamisi, 10 Aprili

Wawili wamekufa. Nimewazika kando ya sukuma wiki yako.

Waliobaki wanahema juu juu. Jike wa manjano hali kabisa, kidevu kimemvimba. Nimedhani maji bado ni machafu, nimeongeza ndoo nyingine ya mvua.

Hanif amepiga simu kutoka Lanet. Anasema kama wananilemea tumpatie mtu mwingine. Nimemwambia angoje kidogo.

Ijumaa, 11 Aprili

Baada ya swala nimeenda kwa Tejinder, pale dukani kwake anapouza rangi mbele na samaki nyuma. Nilibeba maji ya kioo kwenye chupa ya jemu. Mimi na yeye hatukuwa tumeonana tangu alipokuja kukuzika. Alisimama nyuma kabisa na kilemba chake cheupe, akaondoka bila kungoja chai. Leo nimemshukuru. Akainamisha kichwa tu.

Akatia maji yangu kwenye kichupa, akadondosha matone ya dawa ya kupimia. Yakawa njano. Ameniambia njano ni maji makali yenye asidi, kijani ni katikati, na buluu ndiyo inayotakiwa. Kwako, anasema, ilikuwa buluu kila mara. Akauliza natumia maji gani.

Nikasema ya mvua.

Hakunigombeza. Akanieleza pole pole kwamba asili ya hawa ni Ziwa Malawi, maji mazito ya mawe, na maji ya kisima chetu yanakaribiana nayo. "Maji yako ni safi sana, mzee," akasema. "Hayana kitu ndani."

Halafu akauliza kama nilitoa chochote kwenye filta. Ilibidi niseme. Soksi. Tejinder akapiga meza kwa kiganja, akacheka mpaka akapangusa macho. Anasema alitaka kukuuzia mfuko wa wavu wa kutilia makombe, ukakataa. Ulimwambia, "Soksi za mzee zina matundu, maji yatapita vizuri."

Mboni! Mbele ya watu!

Kumbe makombe ndiyo yaliyokuwa yanayashikilia maji yasigeuke makali. Yanayeyuka kidogo kidogo, miaka na miaka. Mimi nimeyaanika kwenye kamba ya nguo.

Nikamweleza na kidevu cha jike, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaitazama muda mrefu. "Huyu si mgonjwa. Amebeba watoto mdomoni. Hatakula mpaka awateme."

Nimekaa juu ya debe la rangi. Miaka miwili ulingoja kuona watoto wa samaki huyu.

Inachukua kama wiki tatu. Ila maji yakimshtua atawameza, au afe nao. Nilitaka kutia kijiko cha magadi nyumbani, kama kwenye maharagwe. Tejinder amekataza kabisa: kuyarudisha buluu kwa ghafla kutaua hata hawa watano. Jagi moja la kisima asubuhi, moja jioni, liwe limelala kwenye ndoo siku nzima. Na soksi irudi. Chupa ya matone amenipa ya kwake.

Jumamosi, 12 Aprili

Soksi imerudi. Tundu la kisigino lilikuwa limepanuka, nimelishona kwa uzi wangu wa kushonea viti vya magari. Matundu madogo nimeyaacha. Makombe ni yale uliyookota Tiwi kwa mama yako. Yamekonda.

Matone bado njano.

Kuna jambo linanirudia. Ile chupa ya soda ya kila asubuhi. Daktari hakunikataza, lakini na mimi sikumuuliza. Nilikuletea nilichodhani ni bora, kama nilivyowapa hawa. Sitaandika zaidi. Ulisema ni matamu, ukanywa yote, ukanishika mkono.

Jumatano, 16 Aprili

Njano yenye kijani. Wote watano wazima. Alhamdulillahi.

Jumatatu, 21 Aprili

Kijani safi. Joyline amekuja na chapati, ameomba radhi kwa lile neno la wageni. Anasema yeye alijua maji ni maji. Nimemwambia hata mimi, na nimeishi na mwenye kujua miaka thelathini na moja. Tumekula chapati mbele ya kioo.

Jike amejificha nyuma ya jiwe. Kidevu kimejaa.

Jumapili, 27 Aprili

Buluu!

Nimepima mara mbili. Nimebeba kichupa hadi mlangoni nikitazame kwenye jua.

Lakini jike amekwisha. Mgongo wake umekuwa kama kijiti. Nikitupa chakula, wenzake wanakimbilia, yeye anageuka pembeni. Tejinder anasema nisimguse, nisimhamishe. Hanif amekuja, amekaa mbele ya kioo saa nzima. Habari ya kumpatia mtu hakuitaja. Aliuliza tu, "Mama alikuwa anakaa upande gani?"

Jumanne, 29 Aprili

Saa nne asubuhi. Naandika daftari likiwa gotini, kwenye kigoda chako, upande wako. Mvua imeanza tena. Pipa linajaa, hayo nitayanywa mimi. Matone: buluu.

Jike ametoka nyuma ya jiwe. Amekuja taratibu hadi kwenye kidole changu. Amefungua mdomo kidogo, kama mtu anayetaka kusema. Ndani nimeona vidoti vyeusi, viwili viwili. Nimevaa miwani.

Ni macho, Mboni. Mboni ndogo ndogo, nyingi, zinanitazama.

Amefunga tena. Nimempigia Tejinder. Anasema huenda ikawa leo, huenda keshokutwa, nisitikise kitu. Sitikisi. Hanif yuko njiani. Joyline ameniita chai, nimemwonyesha kwa mkono kwamba siwezi kuinuka.

Anafungua tena.

Huko uliko, unikumbuke.