Mgomba Umeota Kwenye Kaburi la Mwanangu, na Dada Yake Anataka Kumfuata

Makwale, Kyela
12 Mei 2024

Kwako Mama Jubilate,

Naomba unisaidie mawazo, maana mimi niliishia darasa la saba na jambo lililonifika linataka mtu aliyeona mengi, nami hukusikiliza redioni nikianika kokoa na nimeona huwa husemi ili kumfurahisha mtu.

Nilikuwa na mtoto wa kiume, Gwamaka. Tangu mdogo alipenda kufundisha, aliwapanga bata wa mama yake mstari mmoja na kuwasomea, na bata mmoja mzito alimwita mtoro kwa sababu kila siku aliondoka katikati ya somo. Alipomaliza chuo Mbeya hakupata ajira, akawa anashinda mpakani Kasumulu kuwasaidia madereva wa malori kuelewana na watu, na huko akajuana na binti wa Karonga aitwaye Mercy, ndiye aliyemweleza kwamba siku hizi vijana wanaojua Kiingereza wanasoma kozi fupi kwenye simu, wanapata cheti, wanakwenda nchi za mbali kufundisha watoto, mshahara unawalisha na kuwalaza, na shule zikifungwa wanapanda mabasi kuzunguka nchi za jirani na kuona dunia. Wakaenda wote wawili. Mwanangu alianzia Thailand, akapita Kambodia, akatulia Vietnam, na kila baada ya miezi michache alivuka mpaka na kurudi ili muhuri wa utalii uanze upya, akaniambia nisiogope, ni kama sisi tunavyovuka mto Songwe kufuata sukari. Alinitumia picha za mashamba ya mpunga yenye milima nyuma yake, ungedhani ni huku kwetu mpaka uone kofia zao.

Mwaka jana, likizo ya mwaka mpya wao, alikwenda kisiwani na walimu wenzake, akaingia baharini asubuhi kuogelea na hakutoka. Mtoto aliyekulia karibu na ziwa, Mama Jubilate. Walimtafuta kidogo wakaacha, na Mercy ndiye aliyetupigia simu, tukasikia mawimbi nyuma ya sauti yake.

Tukakaa matanga bila mwili, na mama yake akawa hali chakula, anasema mtu asiyezikwa hajui pa kukaa. Ndipo ukoo ukaamua tuzike mgomba mahali pake. Mdogo wangu Ambilikile akaenda shambani akauleta, tukauvika shati la kijani ambalo Gwamaka aliliacha, tukauimbia, tukaufukia kando ya nyumba, na mama yake akaanza kula.

Mwaka huu, mvua za mwezi wa tatu zilipochanganya, kaburi likapasuka katikati, na kitu chembamba kikatoka kimejiviringisha, kimevaa shingoni kipande cha kitambaa cha kijani. Nikakifunika kwa udongo, nikaomba nisamehewe, lakini baada ya siku chache kilikuwa kimetoka tena kirefu zaidi. Sasa kina majani mapana, na majirani wameacha kupita njia ile, wanazungukia mashambani kwenye maji. Mama yake kila asubuhi anakisalimia kwa Kinyakyusa, Ugonile, halafu ananyamaza kama mtu anayesikiliza jibu, halafu anacheka kidogo na kwenda zake kufagia, na mchana anakipelekea wali. Nilimwambia kwa upole kwamba ule ni mgomba tu.

"Mgomba gani unaota kaburini, Lazaro?" akanijibu. "Mlizika mtu aliye hai."

Ningeweza kuvumilia hayo, lakini Mercy, aliyerudi kufundisha shule ileile aliyofundisha Gwamaka, alitutumia video ya darasa lake ili tufurahi. Ni watoto wadogo walioanza mwaka huu, ambao Gwamaka hakuwahi kuwaona, wanasimama wote na kusema Ugonile, tena kwa kuburuza mwishoni kama alivyoburuza yeye. Mercy anawauliza nani amewafundisha, nao wanageuka wote pamoja na kunyoosha vidole nyuma ya darasa. Simu inageuka. Kuna kiti kimoja kando ya dirisha, hakuna mtu, na watoto wanakipungia mikono.

Mdogo wake Gwamaka, binti yangu Tusekile, naye amepata cheti kile, na shule hiyo imempa nafasi, safari ni mwezi ujao. Anasema anakwenda kufundisha na kutembea kama vijana wenzake, nami nilimwamini, mpaka nilipomkuta anakunja suruali za kaka yake na kuzipanga kwenye begi. Nikamuuliza anazipeleka wapi. Hakuinua hata macho.

"Baba, atavaa nini nikimkuta?"

Sasa sijui nifanye nini. Nikimzuia ataninung'unikia maisha yake yote, na nikimruhusu naona nimepoteza wawili. Mgomba nimeufuata na panga mara mbili nikiwa peke yangu, na mara ya pili, jua kali na hakuna upepo, jani liliinama likalala juu ya mkono wangu, nikajikuta nasema ndaga, yaani asante, kama mtu aliyepokelewa mzigo, nikarudi ndani. Namba iliyo chini ni ya Ambilikile, yangu haishiki mtandao. Naomba unikumbuke katika sala zako.

Lazaro

*

Baba Gwamaka, pole sana. Umemlea vizuri kijana, na huzuni yako haina aibu yoyote. Lakini nyumba yako sasa inaongozwa na jani, na hilo sitalinyamazia.

Kwanza nilimpigia Ambilikile. Nilimuuliza swali moja tu: ule mgomba aliukata, au aliuchimbua? Akasema, "Mama, mimi nimepanda migomba tangu utoto, sijawahi kuzika hata mmoja. Mkono ulijiendea." Aliuchimbua pamoja na tunguu lake la chini, kama mtu anayekwenda kuupanda, mkaupanda kwa nyimbo, mvua ikanyesha. Ulitaka ufanye nini, uoze? Akaniongezea kwamba ni mbegu nzuri, itakuwa dhambi kuikata. Ana aibu kubwa, na kwa maneno yake mwenyewe hajaja kwako wiki nyingi kwa kuogopa kuulizwa. Mwite, ucheke naye, usimgombeze.

Panga liweke chini. Kumkatia mama mgomba huo kwa siri ni kumuua mwanawe mara ya pili. Waite ndugu wale wale waliozika, mchana, na Ambilikile auchimbue taratibu mbele ya mkeo, aone tunguu kwa macho yake, alishike kwa mikono yake. Mgomba urudi shambani kwa wenzake. Shati, au kilichobaki, lirudi kaburini, mlifukie, mwimbe tena. Akilia siku hiyo, mwacheni alie mpaka achoke. Akiendelea kupeleka sahani, usimnyang'anye, nenda naye, kaa karibu, mle pamoja.

Kuhusu watoto wa darasani: shuleni wakubwa huwafundisha wadogo, na salamu ya mwalimu hubaki hata akiondoka. Kuhusu kile kiti sina jibu, wala sitakutungia. Video hiyo msiitazame tena kwa sasa.

Sasa Tusekile. Kufundisha na kutembea si kosa, vijana wengi wamefanya hivyo wakarudi na akili pana na Kiingereza cha kuwasaidia. Lakini nikwambie ukweli unaouma. Mwanao darasani alikuwa mwalimu, na kwenye pasi alikuwa mtalii. Alipopotea, nani huko alikuwa na wajibu wa kumtafuta? Tusekile asipande ndege bila kibali cha kazi mkononi na mkataba uliosomwa na mtu anayeelewa. Ubalozi ujue alipo, tiketi ya kurudi iwe yake, na kila likizo akitaka kuzunguka, Mercy ajue njia na siku ya kurudi.

Hayo yote hayatamsaidia kama anakwenda kumtafuta marehemu. Mkae wawili, umuulize: ungejua kwa hakika kwamba kaka yako hayupo, bado ungetaka kusimama mbele ya watoto wale? Asipojibu haraka, usimjibie. Halafu mwambie azitoe zile suruali begini, yeye mwenyewe, wewe ukiwa umekaa hapo. Akiweza, msindikize kwa moyo mweupe. Akishindwa, hasafiri mwaka huu, hata kama atakununia, hata kama shule itampa mwingine nafasi. Shule zinazotafuta walimu hazitakwisha. Hilo usilibembeleze, wewe ndiye baba.

Nami nina binti anayefundisha mbali. Hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na Jumapili iliyopita hakupiga. Mkisali hapo nyumbani, mnikumbuke.

Mama Jubilate